Wasoma Mita Wawili na Kifungu cha Mfuko

Zamani msoma mita alibisha hodi, akapewa maji ya kunywa, akaondoka akijua nani kaoa, nani mgonjwa na nani kaacha taa ikiwaka bure. Siku hizi mita inajisoma yenyewe, na nyumba nzima inaweza kuwaka mchana kutwa bila mtu wa kuiuliza.

Mzee Mita alikuwa mmoja wa hao wa zamani. Jina alilopewa na wazazi wake halikuwa na kazi mitaani. Wake kwa waume walimwita Mita, na watoto wa nyumba alizozisoma walipokua wakaongeza Mzee mbele. Alitembea na mwenzake aliyeitwa Kalamu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiandika. Mmoja mrefu, mkavu, uso kama mlango uliofungwa. Mwingine mfupi, mnene, mdomo haukai. Mita aliinama kwenye kisanduku, akapangusa vumbi la kioo kwa kiganja, akaisoma namba kwa sauti. Kalamu aliiandika, kisha naye akaitamka kwa sauti. Kama hakusikia vizuri alipiga ukelele wa neno moja tu: "Rudia!" Na Mita alirudia. Hawakutoka nyumbani kwa mtu mpaka namba imepita vinywa viwili. Ndivyo kazi ilivyofanywa, mvua inyeshe, mbwa wabweke.

Lakini kitu ambacho Mita alikikumbuka kuliko namba zote ni aibu. Mama mwenye nyumba akiwaona kwa mbali alikimbia kuzima taa ya ukumbini. Si kwamba aliogopa gharama. Aliogopa kuonekana mfujaji.

"Ah, watoto hawa na taa zao!" alisema, akijichekesha.

"Watoto wako shuleni, mama," Kalamu alimjibu, na mama akaficha uso kwa mkono, wote watatu wakacheka.

Hakuna sheria iliyomtuma mama yule kukimbia. Ilikuwa adabu tu, kama kumpisha mkubwa kiti. Kisha mita mpya zikaja, zile za kununua umeme kama sukari ya dukani, na wasoma mita wakaagwa kwa kupeana mikono na picha ya pamoja ambayo hakuna aliyewahi kuletewa. Tangu hapo, kwa hesabu ya Mzee Mita, adabu ilikufa na haikupata hata wa kuizika. Maduka yakawaka usiku kucha yakimlinda nani sijui. Maofisini viyoyozi vikanguruma madirisha yakiwa wazi, na mtu akivaa sweta humohumo. Vitu vyenyewe vikawa vya ovyo: friji zilizochokwa huko zilikotoka, zikaletwa huku zimepigwa rangi, zinameza umeme bila kushiba na maji hazigandishi.

"Ulikuwa ulimwengu wa watu," alikuwa akimwambia binti yake. "Huu ni wa vitufe."

"Baba, na friji yako hiyo ya zamani? Ikinguruma majirani wanadhani lori limekuja kushusha matofali."

"Friji hiyo ina heshima zake."

"Ina kutu, Baba."

Binti huyo alikuwa muuguzi katika hospitali ya serikali, kwenye chumba cha watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya wakati na kulazwa kwenye vitanda vya joto. Alikuwa mcheshi, tena hodari wa kumtania baba yake. Ndiyo maana jioni aliyoingia akaketi na mkoba bado begani, asiitanie hata friji, Mzee Mita alizima redio.

"Kuna nini, mama?"

"Wamefunga chumba kimoja. Tumebaki na kimoja. Watoto tunawalaza wawili wawili kitanda kimoja."

"Kwa nini wafunge?"

"Umeme, Baba. Hospitali haiumudu tena. Wakubwa wamesema tupunguze, na sisi ndio tumepunguzwa."

Mzee Mita alianza kufoka kuhusu serikali, akapita kwenye kampuni ya umeme, akaelekea kwa vijana wa siku hizi. Binti alimwacha apumue, kisha akamweleza kilichokuwa kikiumeza umeme wenyewe. Mashine za kufulia mashuka zilikuwa na umri wa kuwa bibi. Tangi la maji moto lilikaa uchi juu ya paa, halina hata koti la kuzuia joto lisitoroke, likichemshia mawingu maji mchana na usiku. Vyumba vya akiba ya dawa vilipozwa na mitambo iliyofanya kazi bila kupumzika kwa sababu milango haifungi sawasawa.

"Sisi hatuna uhaba wa umeme," binti alisema. "Tunaumwaga. Halafu wa kulaza watoto ndio unakosekana."

Kulikuwa na muswada bungeni, akaendelea. Chama chao cha wauguzi kilikuwa kimepata habari zake. Sehemu moja ilitaka mashine zinazouzwa nchini zipimwe ulaji wake wa umeme kabla ya kuingia dukani. Sehemu nyingine ilianzisha mfuko wa kukarabati hospitali na shule, zipate mitambo isiyofuja. Hospitali yao ilikuwa katika zile za mwanzo. Ila minong'ono ilikuwa kwamba waheshimiwa wataipitisha sheria na kuuchinja mfuko.

"Na sheria bila mfuko?"

"Tutaandikiwa barua ya kutukataza kufuja, Baba. Tutaibandika ukutani, juu ya kitanda chenye watoto wawili."

Mzee Mita alichukua kofia yake akatoka.

Kalamu alikuwa barazani kwake akimenya chungwa. Sikio lake la kushoto lilikuwa limestaafu kabla yake, kwa hiyo Mita alizunguka akakaa kuliani.

"Twende tukasome," alisema.

"Tukasome nini na mita zinajisoma?"

"Bunge."

Kalamu aliacha kumenya. "Wewe umeonwa na daktari lini?"

Lakini Mita alipomweleza habari za watoto wawili kwenye kitanda kimoja, Kalamu, ambaye alikuwa na wajukuu wengi na mmoja wao alizaliwa mdogo kama mkate, aliliweka chungwa chini akaenda kutafuta viatu.

Mara ya kwanza walitoka kapa. Getini waliulizwa wana miadi na nani. Kalamu akajibu kwamba katika maisha yao yote ya kazi hawajawahi kuwa na miadi na mtu, na bado milango ilifunguliwa. Huu haukufunguliwa. Ikabidi binti awaombee barua kwenye chama cha wauguzi, ndipo wakaingia.

Ndani Mzee Mita akaharibu. Kwenye ile korido ndefu yenye zulia, taa zote zilikuwa zikiwaka na jua la adhuhuri limejaa madirishani. Alimsimamisha mbunge wa kwanza aliyempita, mtu mzima wa watu, akamnyooshea kidole darini.

"Hivi nyumbani kwenu mlilelewa hivi?"

Mheshimiwa yule aliongeza mwendo. Wa pili alihubiriwa kuhusu kuoza kwa maadili mpaka akakumbuka ana kikao. Wa tatu alimwona Mita akija, akaingia chooni na hakutoka.

"Unawagombeza watu unaowaomba," Kalamu alimwambia walipokuwa wakishuka ngazi. "Hata ombaomba wa sokoni ana akili kuliko wewe."

"Nasema kweli."

"Sema kweli, lakini usiiseme kama unadai mahari."

Binti naye hakumhurumia. "Baba, ulipokuwa unaingia nyumba za watu ulikuwa unawahutubia?"

"Nilikuwa nasalimia. Nasoma. Naenda zangu."

"Na mwezi unaofuata?"

"Narudi."

"Basi fanya hivyohivyo."

Mzee Mita aliinamia kikombe chake cha chai. Haikumfurahisha kufundwa na mtoto ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kutembea, lakini usiku huo hakubishana tena.

Wakaanza mzunguko. Siku moja kila wiki, ileile, walipita ofisi za wajumbe wa kamati inayoshughulikia muswada ule, mlango baada ya mlango, kwa mpangilio uleule, bila kuruka hata mmoja. Walibisha hodi. Walisalimia, wakaulizia afya, watoto, mgongo wa katibu muhtasi uliokuwa ukimsumbua. Kisha Mita alisema jambo moja: kuna watoto wawili kwenye kitanda kimoja, na kifungu cha mfuko ndicho kitakachowatenganisha. Kalamu aliongeza mzaha, na wakaaga. Kama mheshimiwa hayupo, walimwambia katibu wake yaleyale na kwenda zao.

Wapo waliowapokea kama nzi. Mmoja aliwaambia wananchi wanataka barabara, hawataki habari za matangi. Mwingine alidhani wametumwa na wauza balbu. Mbunge wa jimbo lao wenyewe alikuwa mnene mwenye kicheko kizuri, na kila wiki aliwashika mabega wote wawili akawaambia, "Wazee wangu, hilo nitalitazama kesho." Walimpa jina palepale: Mheshimiwa Kesho. Makatibu wakalisikia, nao wakaliazima.

Lakini kidogo kidogo ule mzunguko ukawa kitu. Askari wa getini akaacha kuwauliza barua. Makatibu wakawawekea viti. Mheshimiwa mmoja, wiki ambayo Kalamu aliumwa mafua na hawakuja, alitoka nje kuuliza wale wasoma mita wamepatwa na nini. Mzee Mita aliposimuliwa hayo alijifanya hakusikia, lakini alitembea njia nzima ya kurudi nyumbani bila kumlaumu mtu yeyote, jambo ambalo Kalamu alilitangaza mtaani kama habari ya dharura.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mama aliyewahi kuwa mwalimu wa shule ya msingi, na hata wabunge wenzake walimwita Mwalimu. Hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Siku moja aliwaambia wakae.

"Mzee wangu, niambie kitu. Zamani watu hawakufuja umeme, na sheria hii haikuwepo. Kwa nini leo tuihitaji?"

Hapo ndipo Mita angetoa ile hotuba yake yote. Kalamu alimwona anavuta pumzi, akafumba macho. Lakini mzee alizungusha kofia mikononi.

"Zamani nilikuwa nabisha hodi, Mheshimiwa," alisema. "Ule ulikuwa ukumbusho tosha. Sasa hakuna anayebisha, na mimi sitaamka kesho nikawa kijana. Basi sheria ibishe. Na ikibisha, isiende mikono mitupu, kwa sababu hospitali haina cha kubadilishia."

"Bungeni sina kura nyingi, mzee," Mwalimu alisema. "Wanaotaka kuufuta mfuko wamejipanga."

"Nasi tutakuja kukaa," Kalamu alisema. "Kukaa tunaweza."

Siku ya kamati kupitia vifungu, walivaa makoti. La Kalamu halikufunga vifungo, akasema limepungua lenyewe kwa baridi. Binti alikuwa zamu, asingeweza kuja. Asubuhi alimnyoosha baba yake kola, hakutania hata kidogo, na hilo lilimtisha Mita kuliko lolote.

Chumba cha kamati kilikuwa na meza ndefu, na viti vya wananchi nyuma, kandokando ya ukuta. Wasoma mita walipewa viti vya mwisho. Karani wa kamati, kijana mwenye ulimi mwepesi, alisoma vifungu, Mwalimu akauliza kama vinaafikiwa, wajumbe wakaitikia, wakapita. Vifungu vya kupima mashine vilipita hivyo, kimoja kimoja, na Mita akaanza kupumua. Kisha mjumbe mmoja aliyekuwa karibu na dirisha akaomba kwamba, ili kuokoa muda, vifungu vya mwisho, kile cha mfuko kikiwemo, vishughulikiwe kwa pamoja. Karani akavuta pumzi, akavisoma kwa mkupuo, neno likipanda juu ya neno: cha kumi na mbili, cha kumi na tatu na cha kumi na nne vifutwe, wanaoafiki waseme—

"Rudia!"

Chumba kizima kiligeuka. Kalamu alikuwa wima, kiganja nyuma ya sikio lake zima, mkono mwingine umeshika kalamu isiyokuwepo. Hakuwa na habari kwamba amesimama. Namba ilikuwa imesomwa vibaya, hakuisikia, na kwa miaka yake yote ya kazi namba isiyosikika ilikuwa na dawa moja.

Na Mita, ambaye alikuwa ameisikia, alifanya alichokifanya kila mara neno lile lilipopigwa. Alirudia, kwa sauti ile ya uani yenye kushindana na mbwa.

"Cha kumi na mbili! Cha kumi na tatu! Cha kumi na nne!"

"Kumi na nne," Kalamu aliitikia, akaketi. Ndipo akaona nyuso. "Mungu wangu," alinong'ona, kwa mnong'ono wa kiziwi, na kamati nzima ikamsikia.

Kicheko kilipasuka. Mjumbe mmoja alilaza kichwa mezani. Askari wa bunge hakucheka. Alikuja akawashika viwiko. Kwisha, Mita aliwaza. Wiki zote zile za kubisha hodi, na tumekuja kuviua vifungu wenyewe kwa midomo yetu.

Lakini kicheko kilipokwisha, hakuna aliyekuwa na haraka tena. Walipokuwa wakisukumwa kuelekea mlangoni, Mita aligeuka. Mheshimiwa Kesho alikuwa ameacha kucheka kabla ya wengine. Aliwatazama wapiga kura wake wawili wakitolewa kama wezi wa kuku, wamevaa makoti. Akainua mkono.

"Mwenyekiti," alisema, "hicho cha kumi na nne, cha mfuko, naomba kisomwe peke yake. Tena taratibu."

Mlango ukafungwa.

Walikaa nje kwenye ukingo wa bustani, juani. Kalamu aliomba radhi kwa kila njia anayoijua.

"Nimetuangusha, ndugu yangu. Nipige hata kofi."

"Nani alirudia?" Mita aliuliza. "Ni mimi. Ungepiga kelele peke yako ungeonekana mgonjwa. Tulipokuwa wawili ndipo tukaonekana wahuni."

Kalamu alianza kucheka bila kutaka, mabega yakitikisika. Mita alijitahidi kununa. Hakuweza. Walicheka mpaka askari wa getini akaja kutazama kama wako salama.

Jua lilikuwa limeshahama ukingo ule Mheshimiwa Kesho alipotoka, tai imelegea, amechoka kama mtu aliyebeba magunia.

"Kimebaki," alisema.

Hawakumwelewa.

"Kifungu kimebaki. Kura moja imetuokoa. Wamekipunguza, sitawaficha: zitaanza hospitali pekee, shule zitangoja. Na bado kitakwenda bunge zima. Lakini Mwalimu amesema atakisimamia, na mimi nitasimama naye." Alijifuta jasho. "Nasikia huko maofisini mnaniita Kesho."

"Nani? Sisi?" Kalamu aliweka mkono kifuani. "Sisi tunakuita Mheshimiwa."

"Nami nawaita Wasoma Mita, ngoma droo," mbunge alisema, na safari hii kicheko chake kilikuwa kidogo na cha kweli.

Muswada ulipita bunge zima baada ya mabishano marefu, mfuko ukiwa ndani, umekonda lakini mzima. Mzee Mita alisikiliza kwenye redio, na mwishoni akalalamika tu kwamba watangazaji wa siku hizi hawajui kutamka. Binti alimkumbatia kwa nyuma, akamwambia hiyo friji sasa iage.

"Hiyo haihusiki," alisema.

Mafundi walifika hospitalini mvua zilipokatika. Waliling'oa lile tangi, wakaweka jingine lililofunikwa vizuri, wakashusha mashine mpya za kufulia, wakatengeneza milango ikafunga. Kazi ilisuasua, ikasimama kidogo, ikaendelea. Na asubuhi moja chumba cha pili cha watoto njiti kikafunguliwa, bila ngoma wala utepe. Binti alihamisha watoto mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kitanda chake.

Kamati ilikuja kukagua muda mfupi kabla ya bunge kuvunjwa kwa uchaguzi. Hiyo ndiyo mara ya mwisho Mzee Mita kuwaona. Yeye na Kalamu walikuwa wamekaa kwenye benchi la ukumbi, na wajumbe wakapita wamevishwa makoti meupe ya hospitali na vifuniko vya viatu, waheshimiwa wazima wakinyata kama watoto waliochelewa kurudi nyumbani. Kupitia kioo aliwaona wameinama juu ya vitanda. Yule aliyekaa karibu na dirisha siku ile, aliyeomba vifungu vishughulikiwe kwa pamoja, alimuuliza binti jambo, binti akamjibu, naye akabaki amesimama pale wenzake walipokuwa wameshatangulia.

Nje, walipokuwa wakisubiri magari, ugomvi ukazuka. Huyu alitaka hospitali ya jimbo lake ifuate. Yule akasema yake ina paa linalovuja, nani anaweza kushindana na paa linalovuja? Mheshimiwa Kesho alidai shule, shule, zilikuwa zimeahidiwa shule. Mjumbe wa dirishani akataka kujua maombi yanapelekwa wapi, maana kwake hakuna hata mmoja aliyewahi kumweleza. Mwalimu aliwaambia wanyamaze, kuna wagonjwa, na hawakunyamaza.

"Sikiliza walivyo," Kalamu alisema. "Kama wake wenza kisimani."

Kwa miaka Mzee Mita alikuwa amechukia kelele za watu wakubwa, lakini hizi alizisikiliza kama anavyosikiliza mtu mvua ya kwanza juu ya bati. Magari yalikuja. Walipanda wakiwa bado wanabishana, vioo wazi, mikono nje, kila mmoja akitaja hospitali yake, na gari la mwisho lilipokata kona bado alimsikia Mwalimu akisema kwa sauti ya darasani, mmoja mmoja, jamani, semeni mmoja mmoja.